Tafuta Kitenzi Kwanza: Sarufi na Uchambuzi wa Fasihi kwa Mwanafunzi wa Kiingereza

Mwanafunzi asiyeweza kusema nani anafanya nini katika sentensi hawezi kuchambua shairi, hata kama anazijua tamathali zote za semi kwa majina. Ninaandika hili nikiwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, na ninawaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita, hasa wale wa michepuo yenye Kiingereza ndani yake, yaani HKL, HGL na KLF, pamoja na walimu wenzangu wanaosahihisha insha kama zile ninazosahihisha mimi. Katika shule zetu sarufi na fasihi zimekaa kama majirani wasiosalimiana. Siku moja tunajaza nafasi zilizoachwa wazi na kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. Siku nyingine tunafungua riwaya na kuorodhesha dhamira, migogoro na tabia za wahusika. Ni mara chache mwanafunzi huambiwa kwamba kile alichokifanya katika kipindi cha kwanza ndicho chombo cha kufanyia kazi ya kipindi cha pili.

Matokeo yake yanaonekana kwenye karatasi za majibu. Swali linauliza jinsi mtunzi alivyotumia lugha kujenga hofu, na jibu linakuja na orodha: kuna tashbiha, kuna sitiari, kuna tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), kuna takriri, kila moja na mfano wake mmoja, kisha mwanafunzi anahamia kwenye dhamira. Orodha hiyo imetoka kwenye madesa, yaani notsi fupi ambazo wanafunzi hupeana, na madesa yenyewe yameazima mpangilio wa fani na maudhui tunaoutumia katika fasihi ya Kiswahili. Simlaumu mwanafunzi kwa hilo, kwa sababu orodha ina faida ya kumkumbusha mambo ya kutazama. Tatizo ni kwamba haimwambii atazame namna gani. Kutaja kwamba kuna takriri si uchambuzi bado. Uchambuzi unaanza pale mwanafunzi anapoeleza neno lilikuwa katika nafasi gani ya sentensi, likarudi katika nafasi gani, na kurudi kwake kumebadilisha nini katika maana.

Wenzetu wa Kenya wameyaweka mambo haya karibu zaidi, angalau kwenye mtihani. Katika mfumo wao wa elimu wa 8-4-4, ambao sasa unaondolewa hatua kwa hatua, Kiingereza cha sekondari ni somo moja linalobeba lugha na fasihi pamoja, na karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yenye alama 80, huwa na ufahamu wa alama 20, dondoo kutoka kitabu teule la alama 25, shairi la alama 20 na sarufi ya alama 15. Mara nyingi ndani ya lile dondoo huwekwa swali dogo linalomtaka mtahiniwa aandike upya sentensi fulani kwa kufuata maelekezo. Hapo ndipo ninapotamani swali liendelee hatua moja mbele na kuuliza: sasa kwa kuwa umeibadilisha sentensi hii, kitu gani kimepotea? Swali hilo moja lingeunganisha sarufi na fasihi kuliko mihadhara mingi ya walimu.

Kushindwa huku hakuwahusu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu peke yao, na ninalisema hili kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini kwamba wanashindwa fasihi kwa kuwa hawakuzaliwa katika lugha hiyo. Mwaka 1929 mhakiki I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu kiitwacho Practical Criticism, kilichotokana na jaribio alilolifanya darasani: aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala mwaka, akawataka waandike maoni yao kwa uhuru. Majibu yalimshtua. Alipoorodhesha vizuizi vya usomaji mzuri wa ushairi, cha kwanza kabisa kilikuwa kushindwa kupata maana ya wazi ya maneno, yaani kile ambacho sentensi inasema kabla ya kuuliza inaashiria nini. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maana ya wazi, na njia ya kuifikia maana ya wazi ni sarufi. Nitaonyesha kwa shairi moja fupi la William Blake, liitwalo "The Sick Rose", lililotoka mwaka 1794 katika mkusanyiko wake wa Songs of Experience. Lina maneno 34 tu, beti mbili za mishororo minne minne, na linaandikika ubaoni kwa dakika chache katika shule isiyo na vitabu vya kutosha:

O Rose thou art sick.
The invisible worm
That flies in the night
In the howling storm:

Has found out thy bed
Of crimson joy:
And his dark secret love
Does thy life destroy.

Wanafunzi wengi wakilisoma mara moja huandika kwamba mdudu ameliharibu ua, kwamba ua ni sitiari ya mwanamke, na kwamba dhamira ni mapenzi mabaya. Hawajakosea sana, lakini wamelipita shairi mbio. Tulisome sasa kwa kutafuta vitenzi, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kitenzi tuulize kiima chake, yaani anayetenda au anayeelezwa, ni kipi.

Kitenzi cha kwanza ni "art", umbo la zamani la "are" linalotumika pamoja na "thou", nafsi ya pili umoja. Ni kitenzi kishirikishi: kinaeleza hali, hakielezi tendo. Ua linaambiwa kwamba ni gonjwa. Halikufanya chochote, na ukilifuatilia shairi hadi mwisho utaona kwamba halitafanya chochote. Baada ya mshororo wa kwanza ua halirudi tena katika nafasi ya kiima. Linabaki ndani ya kimilikishi "thy" tu: kitanda chako, uhai wako. Lile lililoitwa kwa heshima, kwa herufi kubwa na kwa wito wa "O", limeshushwa na kuwa mmiliki wa vitu ambavyo wengine wanavifanyia mambo. Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba ua halina nguvu ya kujitetea hahitaji kukisia. Ushahidi wake ni huo.

Sentensi ya pili ndiyo inayobeba maneno 29 yaliyobaki, na hapa ninawaomba wanafunzi walete kitu ambacho tayari wanakijua kutoka somo jingine. Katika Kiswahili wamefundishwa uchanganuzi wa sentensi kwa jedwali, kwa mishale na kwa matawi. Wanajua kutenga kundi nomino na kundi tenzi, na wanajua kwamba kundi nomino linaweza kurefushwa na kishazi rejeshi bila kupoteza nomino yake kuu. Sijui kwa nini ujuzi huo huachwa mlangoni mwa darasa la Kiingereza, lakini huachwa. Ukichora matawi ya sentensi hii, kundi nomino ni "The invisible worm that flies in the night in the howling storm", na kundi tenzi linaanza na "has found out". Kiima kiko ubeti wa kwanza, kitenzi chake kikuu kiko ubeti wa pili. Katikati kuna usiku, kuna dhoruba, na kuna nafasi nyeupe inayotenganisha beti. Msomaji anamjua mdudu mapema, lakini analazimika kupita kwenye giza lote hilo kabla ya kuambiwa mdudu amefanya nini. Hofu ambayo swali la mtihani linaiulizia imejengwa na umbali kati ya kiima na kitenzi, na hakuna orodha ya tamathali itakayokuonyesha umbali huo.

Tazama pia njeo, yaani wakati wa kitenzi. Kishazi rejeshi kina "flies", wakati uliopo wa mazoea, ule ambao kwa Kiswahili tungeutolea "huruka": mdudu huyu hakuruka usiku mmoja tu, ndivyo alivyo siku zote. Kitenzi kikuu kina "has found out", hali timilifu, ambayo masikio yetu yanaielewa vizuri kwa sababu tuna kiambishi -me-. Amekigundua. Jambo limekwisha kutokea na athari yake iko hapa sasa hivi, ndiyo maana ua ni gonjwa tayari katika mshororo wa kwanza. Angalia kwamba shairi limetupa ugonjwa kabla ya chanzo chake, na ni hali timilifu inayounganisha viwili hivyo. Halafu kuna kile kijineno "out". Kupata kitanda ni jambo moja; kukigundua kitanda ni jambo jingine, kwa maana kinachogunduliwa kilikuwa kimefichwa.

Kuna "the". Hiki ndicho kijineno kinachowatesa wanafunzi wetu kuliko vyote, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, na tunakifundisha kama sheria ya kukariri. Blake angeweza kuandika "an invisible worm", mdudu fulani asiyeonekana, na hapo ingekuwa ajali: mmoja kati ya wengi alipita na kulikuta ua. Aliandika "the". Mdudu huyu anajulikana. Anatajwa kana kwamba msomaji na ua wote wawili wameshasikia habari zake, na hali yeye haonekani. Kitu kisichoonekana ambacho kila mtu anakijua kinatisha kuliko kitu kigeni. Zoezi la kuweka "a" au "the" katika nafasi iliyo wazi lingekuwa na uhai mwingine kabisa kama lingefanyika juu ya mshororo huu.

Jambo la mwisho katika shairi hili ndilo ninalolipenda zaidi, nalo ni kiima cha kitenzi cha mwisho. Nani anauharibu uhai wa ua? Karibu darasa zima hujibu: mdudu. Shairi linasema "his dark secret love". Kiima cha "destroy" ni pendo la mdudu, giza lake na siri yake, wala si mdudu mwenyewe. Anayeandika kwamba mdudu analiua ua amebadilisha sentensi ya Blake na kuweka nyingine nyepesi mahali pake. Na pendo hilo ni "his", la kwake yeye kama mwanamume, wakati Kiingereza kingeruhusu "its" kwa mdudu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunapaswa kuwa macho hapa, kwa sababu -ake yetu haitofautishi mwanamume, mwanamke wala kitu, na ni rahisi kuipita "his" bila kuona kwamba tashihisi yote imebebwa na kiwakilishi kimoja. Mpangilio wa maneno nao umegeuzwa: shamirisho, yaani kinachotendwa, "thy life", limeingizwa kati ya kisaidizi "does" na kitenzi "destroy", ili neno la mwisho la shairi liwe kuharibu, na liwe na vina sawa na "joy", furaha.

Baada ya kazi hiyo ndipo nawaruhusu wanafunzi kusema shairi linahusu nini, na hapo mjadala huwa mkali kwa namna inayonifurahisha. Mmoja anasema ni mapenzi ya siri yanayoua kwa sababu ni ya siri. Mwingine anasema ni maradhi. Mwingine anasema ni jamii inayoifanya furaha ionekane aibu hata ikalazimika kujificha. Sizuii hata moja kati ya hizo, lakini kila mmoja lazima aonyeshe neno na kazi ya neno hilo katika sentensi. Anayeng'ang'ania maradhi atueleze "love" inafanya nini katika nafasi ya kiima. Anayeng'ang'ania jamii atuonyeshe ni wapi jamii imo. Tahadhari moja tu: matoleo ya vitabu hutofautiana katika alama za uakifishi za shairi hili, maana Blake alichonga na kuchapa kurasa zake mwenyewe na wahariri wa baadaye wakazinyoosha, kwa hiyo mtu asijenge hoja nzima juu ya alama ya mshangao ambayo huenda mhariri ndiye aliyeiweka.

Katika nathari kazi ni ile ile, isipokuwa mwanafunzi anahitaji kuchagua aya, kwa kuwa hawezi kuchambua riwaya nzima kwa namna hii. Charles Dickens, katika aya ya pili ya Bleak House, riwaya iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1852 na 1853, anaueleza ukungu wa London katika aya nzima isiyo na kitenzi kikuu hata kimoja: "Fog everywhere", kisha ukungu juu ya mto, ukungu chini ya mto, ukungu machoni na kooni mwa wazee. Mwalimu wa sarufi angezizungushia duara la wino mwekundu sentensi zile zote. Lakini riwaya inahusu kesi ya mirathi iliyokwama kwa miaka na miaka katika mahakama ya Chancery, na sentensi zisizo na kitenzi kikuu haziwezi kufika mwisho wa tendo lolote. Anayejua kanuni ya sentensi kamili ndiye peke yake anayeweza kuona kwamba kanuni hiyo imevunjwa kwa makusudi.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameisoma shuleni au nje ya shule. Neno la kwanza la riwaya hiyo ni Okonkwo. Ndiye kiima cha sentensi ya kwanza, na sentensi inasema anajulikana katika vijiji vyote tisa na hata nje yake. Sasa nenda kwenye aya ya mwisho, Okonkwo akiwa amejinyonga na Mkuu wa Wilaya Mwingereza akiondoka mahali pale. Jina la Okonkwo halimo. Yeye ni "a hanged man", mtu fulani aliyenyongwa, kisha "this man", mtu huyu. Aliyekuwa jina na kiima amekuwa nomino ya kawaida yenye "a" mbele yake, na hapo hapo ni shamirisho la kazi ya kumkata kutoka mtini. Wanafunzi huandika kurasa nzima kuhusu ukoloni unavyomnyang'anya Mwafrika utu wake, na wengi wao hawajaona kwamba Achebe ameuonyesha unyang'anyi huo kwa herufi moja.

Aya hiyo ina jambo jingine ambalo huwa nalitumia kuwatetea walimu wa sarufi. Kila mwanafunzi wetu amegeuza mamia ya sentensi kutoka kauli halisi kwenda kauli taarifa, na anajua kwamba "will" hugeuka "would". Katika aya ya mwisho tunasoma kwamba habari za mtu huyu "would make interesting reading", zingependeza kusomwa. Nani anasema hivyo? Katika sentensi hiyo hakuna "he thought" wala "he said". Mwanafunzi asiye makini humbebesha Achebe maneno hayo, au msimulizi. Lakini ile "would" ni alama ya kauli taarifa: ni wazo la Mkuu wa Wilaya, ambalo kichwani mwake lilikuwa na "will", limeingizwa katika masimulizi bila kutambulishwa. Msimulizi aliyekuwa upande wa watu wa Umuofia, kwao Okonkwo, karibu kitabu kizima ametuingiza ghafla ndani ya kichwa cha mgeni, na anatuachia humo. Kisha inakuja "had already chosen": jina la kitabu anachokusudia kukiandika alikuwa ameshalichagua. Wakati uliopita timilifu unatuambia kwamba uamuzi ulitangulia. Alikuwa ameshaamua watu wale ni nani kabla ya Okonkwo kufa, na kifo hiki kinaongeza aya moja tu kwenye kitabu kilichokwisha kupewa jina. Sijui swali la mtihani kuhusu mtazamo wa msimulizi linaloweza kujibiwa vizuri bila kugusa njeo hizi mbili.

Inabaki sarufi ya mwanafunzi mwenyewe, ile ya insha yake, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu mengi yameshaandikwa na wengine. Insha ya uhakiki huandikwa kwa wakati uliopo: Okonkwo anamuua mjumbe, Blake analiita ua. Wanafunzi wanaopoteza alama kwa kuchanganya "killed" na "kills" katika aya moja wakumbuke kwamba hata katika uhakiki wa Kiswahili tunasema mwandishi anaonyesha, mhusika anakataa, wala hatubadilishi katikati ya aya. Kosa linalotokana moja kwa moja na lugha yetu ni kiima kurudiwa, kama "The Commissioner he wants to write a book". Linatokea kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi ndani yake. Tunasema Mkuu wa Wilaya anataka, na ile a- inatafuta mahali pa kukaa tunapohamia Kiingereza. Ukiijua sababu, kosa hilo linajirekebisha haraka kuliko ukiambiwa tu kwamba ni kosa.

Nukuu ziwe fupi, na ziingie katika sentensi yako kwa namna ambayo sentensi ingesimama hata ukiziondoa alama za nukuu. Mwanafunzi anayebandika mistari mitano ya riwaya katikati ya insha na kuandika chini yake kwamba hii inaonyesha ukatili hajachambua kitu. Achukue maneno matatu, "a hanged man", ayaweke ndani ya sentensi yake, kisha atumie sentensi mbili au tatu kueleza kile "a" inachokifanya. Vitenzi vya uhakiki navyo vichaguliwe: kuna tofauti kati ya "suggests", "insists" na "reveals", kama ilivyo kati ya kudokeza, kusisitiza na kufichua, na anayeandika "shows" mara kumi katika ukurasa mmoja amejinyima tofauti hizo. Kumtenganisha mtunzi na msimulizi, na kumtenganisha mtunzi wa shairi na nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, ni lazima. Anayeandika kwamba Achebe anawaona watu wa Umuofia kuwa washenzi kwa sababu neno "primitive" limo katika jina la kitabu cha Mkuu wa Wilaya amempa mwandishi mawazo ya mtu ambaye mwandishi anamshitaki.

Wanafunzi huniuliza kama ni vibaya kulitafsiri shairi kwa Kiswahili kichwani wakati wa kulisoma. Jibu langu ni kwamba si vibaya hata kidogo, mradi tafsiri ifanywe sentensi nzima kwa sentensi nzima, wala si neno kwa neno, na mradi mwanafunzi asimame pale Kiswahili kinapokataa. Ukitafsiri "his dark secret love" utakwama kwenye "his". Ukitafsiri "the invisible worm" utakwama kwenye "the". Mahali pale ulipokwama ndipo Kiingereza kinafanya kazi ambayo Kiswahili kinaifanya kwa njia nyingine, na mara nyingi ndipo penye alama za mtihani. Wanafunzi waliokulia katika lugha mbili au tatu wana faida hii dhidi ya wenye lugha moja, na inanisikitisha kuwaona wakiionea aibu.

Kwa walimu wenye madarasa makubwa, ninapendekeza shairi moja fupi au aya moja kwa juma zima. Siku ya kwanza lisomwe kwa sauti, mara kadhaa, na wanafunzi tofauti, kisha kila mmoja apigie mstari vitenzi vyote na kuunganisha kila kitenzi na kiima chake kwa mshale. Siku ya pili ifanyike kazi ya kubadilisha: kila kikundi kibadilishe jambo moja tu, "the" iwe "a", "has found" iwe "found", "his" iwe "its", au kauli ya kutenda iwe ya kutendwa, kisha kikundi kieleze mbele ya darasa maana imebadilikaje. Hapa hata mwanafunzi mnyonge hupata la kusema, kwa sababu ana sentensi mbili mbele yake na anazilinganisha. Siku ya tatu kila mmoja aandike aya moja yenye hoja moja, nukuu isiyozidi maneno matano, kipengele kimoja cha sarufi na maelezo ya kazi yake. Mwalimu hahitaji kusahihisha insha nzima za darasa lote. Aya moja inatosha kuonyesha nani ameanza kuona.

Mwanafunzi anayesoma peke yake anaweza kuanza na shairi jingine la Blake kutoka mkusanyiko ule ule, "London", na hasa mishororo miwili ya ubeti wa kwanza: "And mark in every face I meet / Marks of weakness, marks of woe." Neno "mark" linaonekana hapo mara tatu, mara ya kwanza likiwa kitenzi na mara mbili zinazofuata likiwa nomino. Kiima cha kitenzi kile ni "I", mtu anayetembea mitaani na kuziona alama. Andika aya moja kuhusu kinachotokea pale neno linapotoka katika kazi ya mtazamaji na kuhamia kwenye nyuso za wanaotazamwa, na uiandike kabla ya kufungua kitabu chochote cha mwongozo.